Panya Buku na Kazi ya Pua Yake

Panya buku ni mgugunaji mkubwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Mchana kutwa hulala shimoni, na usiku hutoka kutafuta chakula. Akipimwa kuanzia puani hadi ncha ya mkia hufikia sentimita 70 hadi 90, na mkia wenyewe huchukua karibu nusu ya urefu huo. Aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5, sawa na paka mdogo. Manyoya ya mgongoni ni ya kahawia au kijivu, ya tumboni ni meupe, na mkia ni mtupu: nusu ya kwanza ina rangi ya giza na nusu ya mwisho ni nyeupe. Alama hiyo ya mkia humtambulisha hata kwa mtu aliyemwona mara moja tu akikatiza njia mbele ya taa ya baiskeli. Masikio yake ni makubwa na membamba, macho yake ni dhaifu, na karibu kila anachokijua kuhusu mazingira yake hukipata kwa pua. Historia yake pamoja na binadamu, tangu mtego wa mkulima hadi uwanja wa mabomu wa Msumbiji, imejengwa juu ya pua hiyo na juu ya mazoea ya maisha ya shimoni.

Ingawa huitwa panya, hana undugu wa karibu na panya wa nyumbani. Wataalamu humweka katika familia ya Nesomyidae, ambayo asili yake ni bara la Afrika na kisiwa cha Madagaska peke yake. Mwingereza George Waterhouse alimpa jina la kisayansi mwaka 1840 kwa kielelezo kilichotoka Gambia, akamwita Cricetomys gambianus. Mwaka 1904 ikaelezwa aina nyingine, Cricetomys ansorgei, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vingi viliwakusanya wote chini ya jina la Gambia. Uchunguzi wa vinasaba na mafuvu uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jenasi hii ina aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Panya buku wa Afrika Mashariki na Kusini ni ansorgei, wa misitu ya Kongo ni emini, na wa milima inayozunguka Ziwa Kivu ni kivuensis. Msomaji akikutana na taarifa ya zamani kutoka Morogoro, mahali panapofundishwa panya hawa, inayomtaja panya wa Gambia, ajue ni mnyama wa pale pale Tanzania, ambaye wazee wake hawakuwahi kuiona Gambia.

Makazi yake ni mapana. Yupo kwenye kingo za misitu, katika mapori ya vichaka, mashamba ya muhogo na mahindi, migombani, na hata kwenye viunga vya miji. Kisiwani Unguja nako yupo. Asipopatikana ni jangwani na katika nyika kame, kwa sababu hawezi kustahimili joto kali. Jua la mchana humchosha upesi na linaweza kumuua. Shimo ndilo humwokoa. Chini ya ardhi joto halipandi sana mchana wala halishuki sana usiku, na unyevu hubaki. Panya buku huweza kujichimbia mwenyewe, lakini mara nyingi hutumia nafasi iliyokwisha kuwapo: kichuguu kilichohamwa na mchwa, pango chini ya mizizi ya mti mkubwa, shina lenye uwazi, au ufa kati ya mawe. Huipanua nafasi hiyo mpaka iwe na vyumba. Kimoja ni cha kulala, nacho hutandikwa majani makavu. Kingine ni ghala la chakula. Na kuna pembe ya kujisaidia iliyotengwa. Milango huwa zaidi ya mmoja, na anapoingia alfajiri huweza kuuziba mlango kwa majani na udongo kutoka ndani. Mwindaji mzoefu hutambua shimo lenye mwenyeji kwa kizibo hicho kibichi.

Huyu ni mnyama wa kuishi peke yake. Dume na jike hukutana kwa ajili ya kuzaana, na baada ya mimba ya takriban mwezi mmoja jike hubaki na watoto wake, kwa kawaida wawili hadi wanne, mpaka waweze kujitegemea. Kwa kuwa majirani hawaonani mara kwa mara, huachiana habari kwa harufu. Mtaalamu wa tabia za wanyama R. F. Ewer, aliyefanya kazi Ghana, alichapisha mwaka 1967 uchunguzi mrefu wa panya hawa na akaeleza jinsi wanavyosugua mashavu kwenye vitu, na jinsi wanavyosimama kwa miguu ya mbele, kichwa chini na kiuno juu, ili kuacha alama ya harufu mahali palipoinuka. Panya buku anayepita njia ile saa kadhaa baadaye husoma kwa pua nani alipita. Maisha ya namna hiyo humtaka mnyama awe na uwezo wa kutenganisha harufu zinazokaribiana sana, na huo ndio uwezo ambao baadaye binadamu wangekuja kuuhitaji.

Tabia iliyo na uzito zaidi kuliko zote ni ile ya kuweka akiba. Mashavuni ana vifuko viwili vinavyotanuka, na anapokuta chakula haketi kukila chote hapo hapo. Huvijaza vifuko hivyo mpaka uso unavimba, hukimbia shimoni, humwaga mzigo ghalani na kurudi tena. Hula matunda, mbegu, chikichi, karanga, mihogo, viazi, konokono na wadudu, yaani karibu kila kitu. Ghalani mwake huweza pia kukutwa vitu visivyolika kabisa, kama vizibo vya chupa na vipande vya chuma. Akiba nyingine huizika ardhini mbali na shimo na kuirudia baadaye kwa kuinusa. Katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba panya buku wa milimani ndiye anayebeba mbegu kubwa za mti wa Carapa na kuzifukia huku na huku. Zile asizozirudia huota, na kwa njia hiyo msitu hupata miche mipya. Mnyama huyu, kwa hiyo, ni fundi wa kuzika na kufukua tangu kuzaliwa. Kutembea gizani, kunusa kitu kilicho chini ya udongo, kukwangua mahali kilipo, na kupata chakula kama malipo: ndivyo alivyoishi kabla hajakutana na mkufunzi yeyote.

Jambo moja dogo lastahili kutajwa kabla ya kumwacha panya buku wa porini. Manyoya yake ni makao ya mdudu wa jenasi ya Hemimerus, asiye na mabawa wala macho, ambaye hapatikani ila juu ya panya hawa na jamaa zao wa karibu. Mdudu huyo hula magamba ya ngozi na ukungu unaoota katika manyoya, hazai mayai bali watoto walio hai, na haonekani kumdhuru mwenyeji wake. Undani wa uhusiano huo ni ushahidi wa jinsi panya buku alivyo mkongwe katika ardhi ya Afrika.

Kwa karne nyingi binadamu alimjua panya buku kwa sura mbili, mwizi na kitoweo. Mkulima aliyepanda karanga au mahindi jioni aliweza kukuta asubuhi safu nzima ya vishimo vidogo, mbegu zote zikiwa zimenuswa na kufukuliwa moja baada ya nyingine. Muhogo uliliwa ukiwa bado ardhini. Ghala la nafaka lenye sakafu ya udongo halikuwa salama. Dhidi yake zilitumika mbinu ambazo bado zipo: mitego ya kamba na ya kuangusha uzito, mbwa, moshi wa kufukiza shimo, na jembe la kulichimbua mpaka chumba cha mwisho. Aliyekamatwa hakutupwa. Katika jamii kadhaa za kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji, na zaidi huko Afrika Magharibi, nyama yake ina heshima, hukaushwa kwa moshi na kuuzwa sokoni. Miaka ya 1970 mtaalamu wa wanyamapori S. S. Ajayi wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, alijaribu kumfuga ili awe mfugo wa nyama wa kijiji. Kazi yake ilionyesha kwamba mnyama huyu akizoeshwa mapema huwa mpole, hukubali kushikwa, na huzaa akiwa kizuizini, ingawa si kwa wepesi. Ufugaji huo haukuenea sana, lakini maarifa hayo yalibaki katika maandishi ya kisayansi.

Morogoro iliingia katika habari hii kwa njia ya panya mwingine. Panya shamba, ambaye ni mdogo na huongezeka kwa kasi baada ya mvua, amekuwa adui mkubwa wa mahindi Tanzania, na miaka mingine amekula sehemu kubwa ya mazao. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima ya Uluguru, kikawa kituo cha utafiti wa panya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji. Mtafiti Herwig Leirs alimaliza mwaka 1992 tasnifu yake juu ya panya shamba wa Morogoro, kazi ambayo bado hutegemewa katika kutabiri milipuko ya panya. Hivyo kufikia katikati ya miaka ya 1990 palikuwa tayari na wataalamu wa Kitanzania na wa Kibelgiji waliozijua tabia za wagugunaji wa Afrika kwa undani, na waliozoeana kufanya kazi pamoja.

Miaka hiyo hiyo dunia ilikuwa ikijadili mabomu ya kutegwa ardhini. Vita vya Msumbiji vilikwisha kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, lakini mabomu yaliyozikwa tangu vita vya ukombozi na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata yalibaki kando ya njia, visimani, kwenye madaraja na chini ya nguzo za umeme. Kuyatafuta ilikuwa kazi ya mtu kupiga magoti na kifaa cha kunasa chuma, ambacho hulia kwa kila kipande: msumari, risasi, kopo la samaki. Kila mlio ulipaswa kufukuliwa kwa uangalifu ule ule. Desemba 1997 mataifa yalitia saini mjini Ottawa mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo, na kila nchi iliyouridhia ilijifunga kuisafisha ardhi yake.

Mbelgiji Bart Weetjens, mbunifu wa vifaa aliyefuga panya tangu utotoni, alikuwa ametafakari mabomu ya Afrika na kutafuta njia ambayo watu wa vijijini wangeweza kuimudu bila kutegemea mitambo ya ghali. Alikuwa amesoma kwamba wagugunaji wadogo waliwahi kufundishwa kunusa vilipuzi katika maabara. Profesa Ron Verhagen wa Antwerp ndiye aliyemshauri kumchagua panya buku. Sababu zake zilikuwa nzito. Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu, lakini panya buku akitunzwa hufika miaka minane, kwa hiyo muda wa kumfundisha haupotei. Ni mwenyeji wa Afrika na huvumilia magonjwa ya huko. Ana pua iliyozoea vitu vilivyozikwa. Na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba hawezi kulipua bomu linalosubiri uzito wa mtu. Mwaka 1997 serikali ya Ubelgiji ikatoa fedha za majaribio, na shirika la APOPO likaundwa. Mwaka 2000 kazi yote ilihamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likasaidia kuandaa uwanja wa mazoezi uliofukiwa mabomu halisi yaliyokwisha kuzimwa.

Uhamisho huo ndio ulioifanya kazi hii iwe ya kweli. Morogoro hali ya hewa ni ile ile aliyozoea mnyama, chakula chake kinauzwa sokoni, na vijana wa pale, wengi wao wakiwa wamekulia katika nyumba ambamo panya buku alijulikana kama mwizi wa muhogo, ndio waliojifunza kuwa walimu wake. Ufundi wa ukufunzi wa panya, pamoja na kanuni zake na wazee wake, umekulia Tanzania.

Mafunzo huanza mtoto akiwa na umri wa wiki tano hivi, baada ya kuachishwa kunyonya. Wiki za kwanza ni za kumzoesha binadamu. Hubebwa begani, hutembezwa kwenye nyasi na saruji, husikilizishwa magari na sauti za watu, mpaka woga wa mnyama wa usiku unapungua. Kisha hufundishwa sauti moja: mlio mfupi wa kifaa kidogo cha mkononi, ambao daima hufuatwa na ndizi au karanga. Mlio huo ukishaeleweka, panya huwekwa kwenye kisanduku chenye matundu sakafuni. Chini ya tundu moja kuna harufu ya baruti ya TNT, na chini ya mengine kuna harufu nyingine. Akikaa na pua juu ya tundu lililo sahihi kwa sekunde kadhaa, mlio husikika na ndizi hufuata. Akisimama penginepo, hapati kitu wala haadhibiwi.

Baada ya hapo hupelekwa kwenye udongo. Harufu huwekwa ndani ya chujio la chai la chuma lenye umbo la yai, ambalo mwanzoni hufukiwa juu juu, kisha chini zaidi. Panya huvaa mkanda kifuani na kufungwa kwenye kamba iliyovutwa kati ya wakufunzi wawili. Huenda kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine akinusa, wakufunzi husogea hatua fupi, naye hurudi katika mstari mpya. Anaponusa baruti husimama na kukwangua ardhi kwa miguu ya mbele, ishara ambayo hakuna aliyembunia, kwa kuwa ndivyo afanyavyo juu ya karanga iliyofukiwa. Kazi hufanyika alfajiri kabla jua halijawa kali, na masikio na mkia hupakwa mafuta ya kukinga jua, kwa sababu mnyama wa shimoni hana kinga nyingine. Mafunzo yote huchukua miezi tisa hadi mwaka. Mtihani wa mwisho hufanywa kwenye uwanja ambao mkufunzi mwenyewe hajui mabomu yalipo, na anayekosa hata moja hapiti.

Mwaka 2004 kundi la kwanza la panya 11 lilifaulu Msumbiji mtihani uliofuata viwango vya kimataifa vya uteguaji wa mabomu, na miaka miwili baadaye panya buku wakaanza kazi ya kawaida nchini humo. Watu wengi wa fani hiyo walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa na maana: kosa moja humkata mtu mguu. Jibu lilikuwa utaratibu. Majani marefu hufyekwa kwanza kwa mashine. Njia salama hukatwa na wateguaji wenye vifaa vya kunasa chuma. Kila kipande cha ardhi hupitiwa na zaidi ya panya mmoja, na popote mmoja anapokwangua panawekwa alama, kisha mteguaji huenda kuhakikisha na kulipua. Panya hategui bomu lolote. Anachofanya ni kuondoa kazi kubwa kuliko zote, ile ya kufukua misumari na makopo yasiyo na hatari. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma anaweza kulimaliza kwa siku nne, panya hulipitia kwa nusu saa.

Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, kisha ikaenea mikoa mingine. Mashirika kadhaa yalifanya kazi bega kwa bega na serikali, mengi yakitumia watu na mitambo, na ingekuwa dhuluma kumpa panya sifa yote. Lakini shirika hilo la Morogoro peke yake liliondoa zaidi ya mabomu 13,000. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana, miaka 23 baada ya vita kwisha. Mashamba yaliyokuwa yamezungushiwa alama nyekundu yakalimwa tena.

Kutoka Msumbiji panya walipelekwa Angola, kisha Kambodia, nchi iliyopandwa mamilioni ya mabomu katika miongo ya vita. Mmoja wao alipata jina duniani kote. Magawa, dume aliyezaliwa Morogoro Novemba 2013, alifika Siem Reap, Kambodia, mwaka 2016. Alikuwa na kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70. Septemba 2020 shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, PDSA, lilimpa nishani yake ya dhahabu ya ushujaa, ambayo kabla yake ilikuwa haijatolewa kwa panya yeyote. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amegundua zaidi ya mabomu na silaha 100 zilizobaki ardhini, akafa kwa uzee Januari 2022, miaka minane baada ya kuzaliwa. Mwenzake Ronin, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2019 na kupelekwa mkoa wa Preah Vihear, amempita: hadi mapema mwaka 2025 alikuwa amegundua mabomu 109 ya ardhini na silaha 15 nyingine ambazo hazikulipuka.

Wakati panya wa mabomu wakiwa bado wanafundishwa, wataalamu wa Morogoro walijiuliza kama pua ile ile ingeweza kutambua ugonjwa. Kifua kikuu kilichaguliwa kwa sababu kipo kila wilaya, huua watu wengi, na kipimo kilichokuwapo katika zahanati nyingi, yaani kutazama makohozi kwa darubini, huwakosa wagonjwa wengi, hasa wenye bakteria wachache. Bakteria wa kifua kikuu hutoa mvuke wenye harufu ya pekee. Utafiti ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 huduma ikaanza kwa kuchukua makohozi kutoka kliniki za Dar es Salaam.

Mpango wake ni wa busara, nao wastahili kuelezwa. Panya hawachukui nafasi ya maabara. Sampuli zinazowafikia zimekwisha kupimwa kliniki, na nyingi zimeandikwa kuwa hazina ugonjwa. Kwanza huchemshwa ili kuua bakteria, hivyo wakufunzi na panya hawako hatarini, kisha hupangwa kumi kumi chini ya matundu ya chumba chenye kuta za kioo. Panya hupita juu ya kila tundu. Penye kifua kikuu husimama sekunde tatu hivi na kukwangua. Kati ya sampuli zimo chache ambazo majibu yake yanajulikana, na ndizo humwezesha mkufunzi kumlipa mnyama karanga bila kubahatisha. Sampuli 100 humchukua panya mmoja dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa darubini angeifanya kwa siku nne. Zile wanazozikwangua hurudishwa maabara kwa vipimo vilivyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na anayethibitishwa kuwa mgonjwa hutafutwa aanze dawa. Katika kazi hiyo ya kutafuta watu mitaani, vikundi vya waliopona kifua kikuu, kama MKUTA, vimekuwa nguzo, maana jibu la maabara halina faida kama mgonjwa hapatikani.

Faida imeonekana zaidi kwa watoto. Mtoto mdogo hawezi kukohoa na kutoa makohozi mazito, na bakteria wake ni wachache, kwa hiyo darubini humkosa mara nyingi. Uchunguzi ulioongozwa na Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba panya waliongeza kwa takriban asilimia 68 idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano waliogundulika. Huduma hiyo imefika pia Maputo na Addis Ababa.

Panya buku aliyetolewa Afrika kwa biashara ya wanyama wa kufuga alikuwa na habari tofauti. Aprili 2003 shehena ya wagugunaji kutoka Ghana iliingia Texas, Marekani, ikiwa na panya buku miongoni mwao. Baadhi walibeba virusi vya mpox, wakawaambukiza wanyama wengine waliowekwa karibu nao katika maduka, na watu 47 wakaugua. Mwaka huo huo Marekani ilipiga marufuku kuingiza wagugunaji wa Afrika. Kwingineko, katika kisiwa kidogo cha Grassy Key huko Florida, panya buku waliomtoroka mfugaji walizaana porini, na serikali ikalazimika kuwatega kwa miaka mingi. Uwezo wake wa kula chochote na kujificha chini ya ardhi, ambao katika nchi yake ya asili una wa kuuzuia, kama bundi, chatu na binadamu mwenye jembe, ulimfanya kuwa tishio mahali pasipomjua.

Ugumu mkubwa wa kazi ya Morogoro hauko katika ufundishaji bali katika uzazi. Panya buku wa kike ana maumbile ya ajabu: uke wake huweza kubaki umefungwa kwa muda mrefu hata akiwa amekomaa, na ukifunguka huweza kufungwa tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani wamelichunguza jambo hilo pamoja na wenzao wa Tanzania, kwa sababu kituo hutegemea watoto wanaozaliwa pale.

Katika miaka ya karibuni kazi zimeongezeka. Tangu mwaka 2021 baadhi ya panya hufundishwa kuingia kwenye vifusi vya majengo yaliyoporomoka, wakiwa wamevaa mfuko mdogo mgongoni wenye kamera, ili kutafuta watu walio hai katika mianya ambayo mbwa hawezi kupita. Wengine hufundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na za faru, na magogo ya mpingo yaliyofichwa ndani ya mizigo. Kwa kuwa bandarini hakuna udongo wa kukwangua, hawa huvaa kijikoti chekundu chenye kitufe kifuani, ambacho panya hukivuta kwa miguu ya mbele nacho hulia. Walijaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023, na matokeo ya mafunzo yao yalichapishwa Oktoba 2024: waliweza kutofautisha bidhaa hizo na vitu vinavyotumiwa na wasafirishaji haramu kuficha harufu, kama kahawa na sabuni ya unga, na walikumbuka harufu walizofundishwa hata baada ya miezi kadhaa bila kuzikuta.